Sarafu Ambayo Gangolf Hakuigusa

Mume wangu Gangolf alijulikana bonde zima la mto Wiesent kwa mambo mawili: unga wa kinu chake, ambao haukuwa na changarawe, na sarafu zake za miji. Unga ulikwisha tulipofunga kinu. Sarafu zilibaki kwenye kabati la droo nyembamba alilolitengeneza mwenyewe, kila moja imelala kwenye kishimo chake cha kitambaa chekundu. Nuremberg, Augsburg, Regensburg, Ulm. Zamani kila mji wenye kuta na jeuri ulijipigia fedha yake, ukaweka juu yake tai wake au minara yake, na kwetu wapo watu ambao hawakusanyi kingine chochote. Mfalme ni mtu tu, Gangolf alikuwa akisema, leo yupo, kesho kichwa chake kinang'olewa kwenye sarafu. Mji unabaki.

Mimi nilifuta vumbi la kabati kwa nje. Vya ndani vilikuwa vyake na wenzake wa chama cha wakusanyaji, waliokutana Alhamisi kwenye chumba cha nyuma cha baa ya Hirschen, wakatandika kitambaa mezani ili sarafu ikianguka isiumie. Nilikwenda mara chache kumchukua theluji ilipokuwa nyingi, nikamsikia akiwafundisha wageni. Fundisho lake lilikuwa lilelile.

"Ukiona kitu unachokitaka, kitazame kama unavyotazama kiatu cha jirani. Usitoe lenzi. Usiombe mizani. Usikiokote mezani ukakigeuzageuza. Ukitoa lenzi tu mbele ya mwenye mali, bei imepanda."

"Na ukinunua takataka je?" mmoja akamuuliza.

"Basi umenunua takataka. Utajifunza."

Wakacheka. Gangolf hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka, nami sikulitilia maanani.

Mapafu yake yalianza kushindwa vuli ile, baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Daktari alisema ni vumbi la unga la miaka yote. Tulimhamishia kitanda sebuleni, karibu na jiko la kuni, kwa sababu ngazi zilikuwa zimemshinda. Padre Kilian akaja na mafuta matakatifu, nikawaacha peke yao, nikakaa jikoni na rozari yangu. Padre alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mzigo asiweze kuutua. Alinipa mkono tu.

Nilipoingia, Gangolf alikuwa ameketi, mito mgongoni.

"Burgl," akaniambia, "Mungu nimemalizana naye. Kuna mtu sijamalizana naye."

Nikavuta kiti.

Hili alilotaka kulisema kwetu linajulikana na halisemwi. Ile baridi kali baada ya vita, watu wa mjini walipanda treni kuja vijijini wakiwa na mazulia, saa za ukutani, mashuka ya harusi, na wakarudi na viazi. Nuremberg ilikuwa kifusi. Wakulima wa bonde letu walikuwa na mazulia ya Uajemi hadi zizini. Gangolf alikuwa kijana bado, kinu amerithi juzi, na alikuwa na unga. Akaacha ijulikane kwamba yeye hataki mazulia, anataka sarafu za zamani. Hivyo ndivyo kabati lilivyoanza. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumuuliza sarafu za kwanza zilitoka wapi, naye hakuwahi kuniambia.

"Alikuja mwanamke mmoja," akasema. "Kijana. Akaweka mezani taler ya Nuremberg, sarafu kubwa ya fedha, ile yenye mji mzima, kuta na minara, na jua linamulika juu. Upande wa pili tai. Moyo ulinipiga hadi nikaogopa atausikia. Ilikuwa ya baba yake, mwalimu, alikuwa amekufa kwenye mabomu. Mimi nikaitazama kama kiatu cha jirani."

"Ukampa nini?"

"Unga wa shayiri, nusu ya foronya. Na kipande cha mafuta ya nguruwe." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ningempa gunia, na nguruwe mzima juu yake, ningekuwa bado mimi ndiye niliyefaidika. Nilimwambia vitu hivi siku hizi havina mnunuzi. Akavichukua akaenda."

"Jina lake unalijua?"

"Gerda Zeltner. Alilitaja alipobisha mlango, kama watu waliolelewa vizuri. Nataka aje. Nataka nimrudishie mkononi mwake, na nataka nimsikie kwa masikio yangu akisema nimekusamehe. Sitaki kufa kabla."

Nilimpigia simu Ottmar, fundi saa wa Forchheim, rafiki yake wa chama. Ottmar ni mtu wa maneno mengi, anakuja na upepo wake. Alifika kesho yake mchana na keki ya plamu, akaanza mlangoni.

"Shemeji, huyu mzee wako hajafa bado? Nimeacha saa ya kanisa imefunguliwa mezani kwa ajili yake."

"Ingia ufunge mlango, baridi."

"Ameshagawa kabati? Mimi nimekuja mapema nipate Ulm."

"Ulm hupati," Gangolf akasema kutoka kitandani. "Kaa. Burgl, droo ya chini kabisa."

Niliivuta. Ilikuwa na sarafu moja tu, haikuwekwa kwenye kitambaa, imefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa unga. Nikampa Ottmar. Akaifungua, akapiga mluzi mdogo, na kidole gumba chake kikapita ukingoni, kama wakusanyaji wanavyofanya bila kufikiri. Kikasimama. Akaipeleka dirishani. Akaigonga kwa ukucha karibu na sikio.

"Gangolf," akasema, na sauti ya mzaha ilikuwa imemtoka. "Bwana wee. Hii..."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Kabla hajafika stesheni."

Mimi sikuelewa kitu, wakanieleza. Nakala za namna hii zilitengenezwa zamani kwa ajili ya maonyesho, ili watu waone sura bila kupewa sarafu yenyewe: gamba jembamba la uso, gamba la mgongo, katikati risasi, na juu yake maji ya fedha. Uso wake ni kamili kwa sababu umetolewa kwenye sarafu ya kweli. Lakini ukingoni kuna mshono, uzito hauwi ule, na ukiigonga haiimbi. Ottmar aliigonga tena ili nisikie. Ilitoa sauti ya kitufe cha koti.

"Mtoto anayeanza leo angeiona," Ottmar akasema. "Samahani, lakini ni kweli. Angeigeuza tu."

"Sikuigeuza. Sikuigusa. Iliwekwa mezani uso juu, na nikaogopa nikiinyanyua atajua ninaitaka. Mizani ilikuwa ukutani, mkono mmoja kutoka nilipokaa." Gangolf alifumba macho. "Nilimwibia mwanamke kitu ambacho hakuwa nacho. Miaka ya kwanza nilimtukana, nikamwita tapeli. Yeye hakujua, naye baba yake hakujua. Nilichelewa kuliona hilo."

Ottmar alikaa kitako, keki magotini. Kisha uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata ufumbuzi.

"Basi huna deni, mzee. Unga wa shayiri na mafuta kwa kipande cha risasi, baridi ile? Ulimpa mara mia. Mwite umwambie hivyo, mcheke wote wawili, ufe vizuri."

"Nikimwambia hivyo ninapatana naye bei tena."

"Si kweli hivyo?"

"Mimi nilipompa ule unga nilijua, kwa akili yangu, kwamba ninampora. Padre ameniuliza swali moja tu: ulikusudia nini? Sina punguzo hapo, Ottmar. Mtafute. Na ukiwa humu ndani unyamaze."

Nikasema lililokuwa moyoni mwangu. "Akiipeleka kwa muuzaji akaambiwa ni bandia, atasema umeificha ya kweli na umempa hii."

Gangolf alinyoosha mkono, Ottmar akamrudishia sarafu.

"Na aseme," akajibu. "Hilo nitalibeba."

Sikupenda jibu lile. Lilikuwa na kiburi ndani yake, kiburi cha mtu anayechagua mwenyewe adhabu yake. Lakini alikuwa amechoka, na midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu, nikamfunika blanketi.

Ottmar alimpata kwenye kitabu cha simu. Gerda Zeltner, jina lilelile, mtaa wa upande wa kusini wa Nuremberg. Alisema atakuja Jumamosi, na alisema hivyo tu. Ottmar akamfuata stesheni kwa gari.

Alikuwa mwanamke mrefu, mvi zimekatwa fupi, koti zuri la zamani lililopigwa brashi. Nilimtengea kahawa, akashukuru, hakuigusa. Nilimwonyesha kiti cha karibu na jiko la kuni. Alilitazama lile jiko, kisha akakivuta kiti mbali nalo, akakaa.

"Huyo ndiye?" akaniuliza.

"Ndiye, mama."

"Nisingemjua."

Gangolf alikuwa ameniomba nimnyoe na nimvalishe shati jeupe. Mkononi alikuwa ameishika ile sarafu, safari hii imefungwa kwenye leso.

"Mimi nakukumbuka, Bi Zeltner," akamwambia. "Ulikuja mchana, theluji inaanguka. Uliketi pale, meza ilikuwa pale. Ukatoa taler hii kwenye kifuko cha ngozi chenye kamba. Ukaiweka mji ukiwa juu. Niliona minara ya makanisa ya Sebald na Lorenz, nikaona miale ya jua, yote, hata ile mifupi. Nilijua ni kitu gani. Nikakwambia haina mnunuzi, nikakupa unga wa shayiri. Nilikudhulumu nikijua. Nakuomba radhi."

Alisema yote kwa pumzi moja moja, na ilimchukua muda. Bi Zeltner alimsikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba wake.

"Unakumbuka vizuri," akasema.

"Kila kitu."

"Kifuko cha ngozi. Hata kamba."

"Ndiyo."

"Na nini kingine?"

Gangolf alifikiri. Nilimwona akitafuta, kama anayevuta droo moja baada ya nyingine. "Ulikuwa na kitambaa cha kijivu kichwani," akasema. "Viatu vya mwanamume."

"Na mikononi nilibeba nini?"

Kuni zikapasuka ndani ya jiko. Ottmar alinitazama, nami nikatazama sakafu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

"Kikapu," Gangolf akasema. "Au furushi. Ulikuwa na furushi, nafikiri."

"Furushi," yule mama akasema.

Hakuinua sauti. Aliuweka mkoba wake sakafuni, akauchukua tena.

"Bi Zeltner," Ottmar akaanza, maana hakuwa mtu wa kuvumilia kimya, "kuhusu hiyo sarafu kuna jambo ambalo..."

"Ottmar," Gangolf akamkata. "Funga mdomo."

"Jambo gani?" yule mama akauliza.

"Hakuna. Ni yako. Ichukue." Alinyoosha mkono wenye leso. "Na kama unaweza, niambie neno nililokuitia."

Alisimama. Aliichukua ile leso, akatazama ndani, akaifunga.

"Ilikuwa ya baba yangu, nitaichukua," akasema. "Hilo neno lingine nimekuja nalo kwenye treni, nikajaribu kulisema njiani nione kama litatoka. Nilidhani nikikuona litatoka. Siwezi kukusaidia, mwenye kinu."

Alinipa mkono mimi, hakumpa yeye. Ottmar akamrudisha stesheni.

Gangolf alitazama mlango hadi jioni. Nilimpa supu, akameza vijiko viwili vya kuniridhisha. Kisha akaniuliza, "Nilikosea wapi kusema?" Alinitazama kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha akaulizwa sura nyingine. Nami nilikuwa nimekisia, lakini sikuwa na uhakika, na mtu hamwekei mgonjwa juu ya kifua jambo asilo na uhakika nalo. Nikamwambia apumzike. Alikufa Jumatano iliyofuata, mchana, nikiwa nimemshika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ukipapasa shuka, gumba juu ya kidole, ukizungusha ukingo wa kitu ambacho hakikuwepo.

Chama kilileta shada kubwa la maua. Kaburini mwenyekiti alisema Gangolf alikuwa na mkono mwaminifu. Nilisikia neno hilo nikainamisha kichwa.

Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yalikuwa yameshaanza simu ilipolia.

"Ni Zeltner hapa. Wewe ni mjane wake?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeipeleka kwa muuzaji. Sikutaka kuiuza, nilitaka anitengenezee kishikio cha kuisimamisha. Aliitupa mezani mbele yangu, akaniambia mama, nani amekuchezea. Nilidhani mtu akiwa anakufa huacha udanganyifu."

"Naomba nije kwako," nikamwambia.

"Kuleta ile ya kweli?"

"Ya kweli haipo. Naomba nije."

Nilipanda treni asubuhi, baada ya misa. Sijazoea mji ule, lakini alinielekeza vizuri, ghorofa ya tatu, ngazi zimepigwa nta. Kwake kulikuwa safi na baridi kidogo. Sarafu ilikuwa mezani, juu ya gazeti. Sikuvua koti. Nilimweleza yote, kama nilivyoelezwa: magamba mawili, risasi, mshono. Nikamwambia Gangolf alijua, na kwa nini alinyamaza.

"Na mimi niamini," akasema. "Msagaji, mtu anayepima kila kitu maishani mwake, ananunua fedha bila kuipima."

"Angepima ungejua anaitaka."

"Na asiigeuze hata mara moja."

"Angeigeuza ungejua anaitaka. Hivyo ndivyo wakusanyaji walivyo, mama. Hadi mwaka huu alikuwa akiwafundisha wengine."

Alitazama ile sarafu, kisha akaweka mkono wake mezani, kiganja chini, mbali kidogo nayo.

"Hakuigusa," akasema polepole. "Ni kweli. Aliisukuma kwa mpini wa kisu, kama anayetaka kunirudishia, kama uchafu. Nilipata aibu. Nilifikiri anaona imeshikwa na sisi, watu wa vifusi, ndiyo maana hataki kuigusa." Akanitazama. "Kwa hiyo hakuniibia."

"Alitaka kukuibia."

"Alitaka. Lakini hakuniibia." Alifikiri tena, akitikisa kichwa. "Baba aliificha ile sarafu chini ya ubao wa sakafu, bomba la maji lilipopasuka akaitafuta kwanza hiyo kabla ya viatu vyake. Maskini baba."

Aliondoka kwenda jikoni, akarudi na chai kwa wote wawili, na akaketi mbele yangu. Nikajua sasa litakuja, nikaomba moyoni nipewe kulistahimili.

"Mumeo alinieleza sarafu," akasema. "Nilikaa pale nikimngoja amalize sarafu. Nilijisemea, sasa ataingia kwenye lile lenyewe. Hakuingia. Nilibeba mtoto, mama. Miaka miwili, ana homa, nilikuwa nimemfunga kwenye blanketi la jeshi. Sikuwa na wa kumwachia. Nilimwambia mumeo, mtoto anaumwa, naomba maziwa ya moto na nikae karibu na jiko hadi treni ije. Treni ilikuwa bado sana. Akaniambia ng'ombe wamekauka. Nami nilikuwa nasikia maziwa yakikamuliwa ndooni upande wa pili wa ukuta."

Zizi letu lilikuwa upande wa pili wa ukuta ule.

"Akasema pia jiko linataka kuzimwa kwa sababu ya vumbi la unga. Nikatoka. Tulikaa stesheni, kwenye upepo. Kwa miaka yote nimejiuliza kwa nini. Hakuwa mkali. Hakunitukana. Alikuwa na haraka tu, kama mtu aliyeacha chungu motoni."

"Aliogopa utabadilisha nia," nikasema. Lilinitoka kabla sijalipima. "Kuhusu sarafu. Alitaka utoke aigeuze."

Bi Zeltner alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Basi ndiyo hivyo," akasema.

Dirishani kulikuwa na ndege mdogo kwenye mche wa chungu, tukamtazama wote wawili, maana macho lazima yaende mahali. Baadaye akaniambia mtoto aliishi siku kadhaa, akafa kabla ya Kwaresima. Mumewe alirudi kutoka kifungo cha vita majira ya joto, akauliza mtoto yuko wapi. Hawakupata mwingine.

"Mumeo aliitunza dhambi yake vizuri," akasema. "Aliifunga kwenye karatasi, akaiwekea droo yake. Lakini haikuwa hiyo. Nimsamehe nini? Ile ya sarafu imejifuta yenyewe. Hii nyingine hakuniomba."

"Hakukumbuka, mama. Hata alipokuwa anakufa alijiuliza alikosea wapi."

"Ndiyo. Hilo ndilo nisiloliweza."

Sikumwomba kwa niaba yake. Nilikuwa nimekuja nikidhani pengine nitamwomba, nilikuwa nimepanga maneno kwenye treni kama yeye alivyopanga yake. Lakini nilipokaa mbele yake niliona kwamba ningekuwa mwenye kinu wa pili, nimekuja kwake kuchukua kitu. Nikamuuliza tu mtoto aliitwa nani.

"Justus," akasema. "Hajaulizwa jina lake muda mrefu."

"Amezikwa wapi? Ningependa kumpelekea maua, kama unaniruhusu."

"Hakuna mahali. Makaburi ya watoto huwa yana muda. Muda wake uliisha, hatukuwa na cha kulipia kuongeza, wakalisawazisha. Sasa kuna mtu mwingine pale." Aliyasema hayo kama mtu anayekuelekeza basi. "Na maua ya Desemba yanaganda tu."

Aliniruhusu nisaidie kuosha vikombe. Mlangoni aliniuliza kama sarafu naitaka, nikasema siitaki. Akasema hata yeye haitaki tena, lakini ni ya baba, basi ikae. Hatukupeana ahadi ya kuonana.

Kabati nililiacha kwa chama. Ottmar alikuja na wenzake kulibeba, akapata Ulm yake, hakufanya mzaha wowote. Mwenyekiti alitaka kuweka kibao cha shaba chenye jina la Gangolf kwenye mlango wa kabati. Nilimwambia asiweke, na aliponiuliza sababu nilimwambia, nikamwambia yote, ya ndoo na ya jiko, mbele ya wote waliosimama kwenye theluji na kofia mkononi. Wengine walikuwa na mabanda yao na mazulia yao. Walilifunga kabati kwa kamba wakaondoka polepole, kwa sababu barabara ilikuwa na barafu.

Jumapili nilikwenda sakristia kuomba misa. Padre Kilian alifungua kitabu chake, akachukua kalamu.

"Kwa ajili ya marehemu Gangolf?"

"Hapana, baba. Gangolf nitamwombea mwenyewe nyumbani, ana mengi. Hii iandike Justus."

"Justus wa nani? Simkumbuki parokiani."

"Si wa parokia, ni wa Kilutheri, wa Nuremberg. Ni mtoto aliyeletwa kwenye kinu chetu akiwa na homa."

Aliishika kalamu juu ya karatasi kwa muda, akinitazama, na nilijua kwamba katika yote Gangolf aliyomwambia siku ile ya mafuta, hili halikuwemo. Kisha akaliandika.